Imeingia, Haikukubali

Mama yangu ana hasira za karibu. Wanaomfahamu husema hivyo wakicheka, lakini mimi niliyelelewa naye najua kwamba hasira zile ndizo zilizotulisha. Alipoachwa na baba alikuwa na cherehani moja, begi la nguo na mimi mgongoni. Baba hakusema kwamba amepata mwingine, wala hakutaja kosa la mama. Alisema neno moja tu mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Hatuendani." Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba wamesomewa hukumu, kikao kikaisha, mama akarudi kwao. Tangu hapo neno hilo halipiti nyumbani kwetu. Ukimwambia kwamba blauzi na sketi haziendani atakuuliza kwa nini, na hatakuachia mpaka umjibu.

Kwao ni nyumba ya bibi, na chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, babu alimpa mama kwa mdomo wake kabla hajafariki. Humo ndimo alimoanza kwa kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu, akapanda polepole hadi akanunua mashine ya kudarizi, ile inayoendeshwa na kompyuta. Unachora nembo kwenye skrini, kompyuta inaipelekea mashine mshono mmoja baada ya mwingine, na sindano inapanda na kushuka yenyewe. Mama hukaa pembeni na mkasi mdogo, anakata nyuzi zinazoning'inia na kuigombeza mashine kama mtoto wa pili ambaye hakumzaa. Waya unaounganisha viwili hivyo una kichwa kipana chenye pini nyingi, na kompyuta za siku hizi hazina tundu la kuupokea. Ndiyo maana hakununua kompyuta nyingine. Haikuwa ubahili wala ushamba, ingawa mjomba alisema vyote viwili.

Mjomba ni mdogo wake mama. Ni wakala wa bima, hutembea na kibegi cha ngozi kilichochakaa pembeni, na hawezi kukuambia hata saa bila kuanza na "kimsingi". Ameoa, ana nyumba yake mtaa wa juu, lakini kila jioni yuko mezani kwa bibi, na kila jioni jicho lake lilikuwa kwenye chumba kile. Alitaka kuweka ofisi. Alisema mteja wa bima hawezi kupokelewa sebuleni, na kwamba dirisha la barabarani ni mali inayolala.

Kwa miaka kadhaa bibi alimsikia tu na kumwongezea mboga. Kisha kompyuta ya mama ikaanza kuchoka.

Mwanzo ilikuwa nzito kidogo, unabofya na kusubiri. Baadaye ikawa inaganda katikati ya kazi. Nembo ndogo ya mfukoni iliimaliza, lakini ukiipa mchoro mkubwa inafika mahali inasimama, na sindano nayo inasimama ikiwa imezama kwenye kitambaa. Koti jeupe la daktari likatoka na nusu ya jina. Jezi za timu ya vijana zikapata simba asiye na miguu, na kocha wao alikuja mlangoni akaongea maneno ambayo mama aliyameza kwa sababu yalikuwa ya haki. Mama akawa anakaa na wembe akifumua mishono jioni nzima, mezani pale pale, mbele ya bibi na mjomba. Na mjomba anakula huku akimtazama.

"Dada, kimsingi hiyo kompyuta ni maiti," alisema. "Tuizike tu."

Ndipo chuo cha ufundi kilipomletea kazi ya bendera yao kubwa: gurudumu lenye meno, mwenge na kitabu, juu ya mahameli ya buluu. Walileta na kipande cha akiba. Mjomba alipoona ile mahameli akaona na nafasi yake. Alisema mbele ya wote kwamba bendera hii ndiyo iwe mwisho wa ubishi. Ikitoka, hatataja tena chumba. Isipotoka, mama ahamishie cherehani zake chumba cha nyuma na kuachana na mambo ya mashine, na yeye aingie Jumapili. Bibi akasema ni sawa. Mama, kwa hasira, akasema ni sawa pia. Niliposikia nilitaka kumzaba mtu kibao, sijui yupi.

Kipande cha kwanza kiliharibika kwenye jino la tatu la gurudumu. Mahameli haifumuliki, kila tundu la sindano linabaki. Kikabaki kile cha akiba, na chumba kikawa kinaning'inia kwenye kitambaa hicho.

Mimi nauza miwani. Kazi yangu ni kumwekea mtu lenzi moja baada ya nyingine machoni na kumuuliza, hii au hii? Sijui kompyuta. Ila nilipokwenda kumtazama mama siku ile, niliona kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa inasema shida yake. Maandishi yalitokea katikati ya skrini kwamba memori haitoshi, na mama alikuwa na desturi ya kuyafuta kabla hajayasoma, maana yalikuwa yanaziba mchoro.

"Mama, haijazeeka. Ina njaa," nilimwambia. "Inataka memori."

Hakusubiri nimalize. Alivaa viatu, akaenda duka la vifaa vya kompyuta pale kwenye kona, nami nyuma yake. Muuzaji alikuwa na simu sikioni. Mama alimweleza umri wa kompyuta yake, kampuni yake, hata rangi yake. Muuzaji akachukua kipande cha memori kwenye kabati la kioo, kirefu na chembamba kama rula fupi, akakiweka juu ya kaunta.

"Inaingia kwenye yangu?" mama akauliza.

"Inaingia, mama."

"Una hakika?"

"Hii inaingia popote."

Tukarudi nayo. Nilifungua kava kwa bisibisi ya cherehani, na ndani mlikuwa na manyoya ya nyuzi za kila rangi ambayo mama amewahi kudarizi. Kwenye bodi palikuwa na nafasi mbili za memori, moja ina kipande, nyingine tupu. Mama alipoona ile tupu akakunja uso.

"Humu mlikuwa na mbili."

"Una hakika, mama?"

"Aliyeniuzia alinifungulia akanionyesha. Mapacha, akaniambia, akazitia alama. Mimi kitu nilichonunua nakijua."

Akili yake ikamwendea moja kwa moja fundi aliyewahi kuja kubadilisha feni. Akamlaani yule fundi wa watu, yeye na kizazi chake na feni yake, kwa muda mrefu na kwa ufasaha mkubwa. Mimi nikatia kile kipande kipya. Kiliingia vizuri, vibanio vikajifunga vyenyewe, tak. Tukawasha.

Skrini ikabaki nyeusi. Kompyuta ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, kama king'ora cha mtu aliyekata tamaa. Bibi akauliza kutoka sebuleni ni nini kinacholia. Mama akamwambia ni moyo wake.

Nikazima, nikafanya ninachokijua. Hii au hii? Nilitoa kile kipya, nikaacha cha zamani peke yake, kompyuta ikawaka. Nikahamishia cha zamani nafasi ya pili, ikawaka pia. Basi nafasi zote mbili ni nzima. Nikaweka kipya peke yake, mlio. Nikakihamisha, mlio. Nikakisugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia, nikapuliza, nikakirudisha kwa upole, nikakirudisha kwa nguvu, mlio ule ule. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu amejishika kiuno, nasikia pumzi zake.

"Kimeingia," nikasema, "lakini imekikataa."

Tulimkuta muuzaji bado ana simu sikioni. Mama alimtoa ile simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilikuuliza inaingia?"

"Kwani haikuingia?"

"Imeingia!"

"Sasa tatizo nini, mama?" Akaichukua, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya dukani, ambayo ilikuwa mpya kuliko yetu, nayo ikawaka bila maneno. Akatutazama kwa huruma ya kishenzi. "Memori ni nzima. Kompyuta yako ndiyo mbovu. Wewe uliuliza inaingia, na imeingia."

"Hata mwizi anaingia!" mama akamfokea, watu wa barabarani wakageuka. "Anaingia mpaka chumbani! Ndiyo umkubali? Ukiona mtu mzima anakuuliza inaingia, anakuuliza itafanya kazi, mpuuzi wewe!"

Muuzaji akasema lugha ina mipaka yake. Nilichukua memori yetu, nikamvuta mama nje kabla hajaonyeshwa mipaka ya kituo cha polisi. Anajua kabisa mteja anauliza nini, na anajibu kile tu ambacho hakitamgharimu.

Nyuma ya soko kuna fundi wanayemwita Chapchap kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote. Kibanda chake kimejaa maboksi yaliyofunguliwa matumbo. Tulimpelekea kompyuta nzima kwenye toroli, na vile vipande viwili. Akajaribu kama nilivyojaribu, kwa mpangilio ule ule, ila kwa utulivu wa mtu anayekunywa uji wa moto. Kisha akavua miwani.

"Hazi..." akaanza. "Haziendani, mama."

Nilifumba macho.

"Rudia," mama akasema.

"Hii memori na hii bodi. Haziendani."

"Kwa nini?"

"Basi tu, mama, ndivyo zilivyo. Nyingine haziendani."

Mama akavuta kigoda, akakaa. Sauti yake ilishuka, na hilo kwake ni hatari kuliko kelele. "Sikiliza, baba. Mimi neno hilo niliwahi kuambiwa na mtu, na sikupewa sababu. Nimekaa nalo mpaka leo. Sitalipokea mara ya pili bila maelezo. Haziendani kwa nini? Bodi imefanya nini? Memori imefanya nini? Nieleze hata mpaka jioni."

Maskini Chapchap alinitazama mimi. Nikatazama dari. Akavaa tena miwani, akachukua kioo cha kukuzia, na kwa mara ya kwanza akaviangalia vile vipande vyenyewe badala ya kuvichomeka tu.

"Njoo uone," akasema. "Hii mpya ina vijumba vichache, upande mmoja tu, na kila kimoja kimeshindiliwa vitu vingi. Bodi yako ni ya zamani kidogo, haijui kuhesabu kijumba kilichojaa namna hiyo. Ikikutana nacho inachanganyikiwa, inalia. Hii yako ya zamani ina vijumba vingi pande zote mbili, kila kimoja kimebeba kidogo. Ukubwa wa nje ni ule ule, meno ni yale yale, ndiyo maana inaingia. Bodi si mbovu. Memori si mbovu."

"Kumbe sababu ipo," mama akasema.

"Ipo, mama."

"Kumbe mtu akitaka kuieleza anaweza."

"Anaweza, mama."

Nadhani kwa muda huo mama hakuwa pale kibandani. Kisha akauliza anachotakiwa kutafuta ni kipi, na Chapchap akasema mwenzake hasa wa hii ya zamani, vijumba pande zote, kasi ile ile, ikiwezekana kampuni ile ile. Akavuta droo ya meza iliyojaa memori za kila aina, akawa anachambua mojamoja kama anayetoa mawe kwenye mchele. Akatoa moja, akailaza kando ya yetu.

Zilikuwa zimebandikwa karatasi ya kampuni ile ile. Zote mbili zilikuwa na alama ya kalamu nyekundu kwenye pembe, mstari uliopinda mwishoni, mkono mmoja.

"Hii nilisahau kama ninayo," Chapchap akasema kwa furaha. "Kuna mzee mmoja aliileta nimwekee kwenye kompyuta yake. Ikagoma, yake ni ya kizazi kingine kabisa. Akaniambia nibaki nayo, nimpunguzie kwenye nyingine. Mtu wa bima. Ana kibegi cha ngozi. Kila kitu kwake ni kimsingi, kimsingi..."

Alitabasamu akingoja tutabasamu. Nilikumbuka wembe, jezi, daktari mwenye nusu jina, na mwanaume mzima anatafuna na kutazama. Nilitaka kwenda nyumbani kwake saa ile ile nikamvue kile kibegi nimpige nacho. Mama alimwachia Chapchap ile mpya, wakabadilishana, akamwomba azichomeke zote mbili. Kompyuta ikawaka kimya, skrini ikaandika kiasi kamili cha memori. Mimi ndiye niliyetukana njia nzima.

Nyumbani alimwomba radhi fundi wa feni kwa sauti, ingawa hakuwepo, kisha akaenda kulala.

Jumapili mjomba alikuja na tepu ya kupimia. Sisemi uongo. Mama alikuwa ameshabana mahameli ya mwisho kwenye fremu na kuanzisha mashine, sindano inagonga, na mjomba akaingia bila hodi, akaanza kupima ukuta kutoka mlangoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa makubaliano yale.

"Kimsingi nachukua vipimo tu," akasema. "Endelea, dada."

"Tazama," mama akamwambia.

Gurudumu likatoka na meno yake yote. Mashine haikusimama. Mama akabadilisha uzi, mwenge ukaanza kuwaka rangi ya chungwa. Tepu ya mjomba ikajirudi yenyewe ndani ya kasha lake.

"Umeirekebishaje?" akauliza.

"Nimeirudishia ulichokitoa."

Hakukana, hilo namwachia. Aliguna, akatazama dirisha, akasema kimsingi aliazima. Kompyuta ya mama si ilikuwa inawaka? Kipande kimoja kilikuwa kimekaa tu.

"Uliazima kwa nani?" mama akapaza sauti. "Kwa nani? Mimi uliniomba? Nimefumua nguo za watu mbele ya sahani yako, unaniambia kompyuta ni maiti, na maini yake yako kwenye kibegi chako! Uliazima kwa nani?"

Mjomba akageuka akamtazama bibi.

"Mimi nilimwambia achukue," bibi akasema.

Mashine ilikuwa inaendelea kugonga. Mama alinyoosha mkono akaisimamisha, na sikuwahi kumwona akisimamisha mashine katikati ya kazi kwa hiari yake.

"Wewe, mama?"

"Alikuwa anahangaika na kazi yake. Akaniuliza kama anaweza kutoa kidude kimoja humo, nikamwambia toa. Wewe una mkono wa kushona, hukosi cha kufanya."

"Na nilipokuwa nahangaika mimi? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," bibi akasema. "Na mimi ningejuaje kinafanya nini kile kidude?"

"Lakini ulijua ni changu."

Bibi akashika fimbo yake, akaanza kurekebisha mpira wa chini yake ambao haukuwa na kasoro. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mjomba, niliyaandaa njia nzima kutoka sokoni, na yote yakawa hayana kazi, maana mzizi wa jambo hili haukuwa yeye. Mjomba alitoka na tepu yake. Bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayemaliza kesi, kwamba sasa basi, chumba kibaki kwa mama, na yaishe.

Mama akawasha tena mashine. Bendera ilitoka, na watu wa chuo waliipokea wakaipapasa kama wanapapasa mtoto. Mjomba alikaa wiki kadhaa bila kuonekana, kisha akarudi mezani, naye mama humpakulia, na sauti ya kumwomba apitishe chumvi ni sauti ya kawaida. Huyo amemsamehe, nadhani. Kutoka kwake aliyatarajia.

Lakini alinunua kufuli. Ni kubwa, ya shaba, aina wanayofungia maghala, na ufunguo wake huning'inia kifuani mwa mama kwa uzi wa kudarizi. Mlango ule haukuwahi kufungwa tangu siku za babu. Sasa mama akitoka kwenda dukani anafunga. Akienda kuanika nguo uani anafunga. Bibi ndiye anayebaki nyumbani mchana, yeye peke yake, na hakuna mtu mwingine wa kufungiwa.

Juzi nilikuwepo. Mama alikuwa ameweka maji ya bibi ya kuoga jikoni, yakachemka, akaacha kazi, akatoka chumbani, akageuka akabana kufuli. Bibi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka mlangoni, na taulo mapajani.

"Unanifungia mimi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," mama akajibu. Kisha akamshika mkono, akamwinua taratibu, akampeleka kuoga.